Siku Ambazo Maman Anonciata Alipanda Pikapu

Pikapu ya umeme ilipofika Nkungu, jambo la kwanza lililowaudhi watu lilikuwa ukimya wake. Gari lenye heshima hutanguliwa na sauti yake. Hili lilitokea tu pembeni ya mashine ya kusaga, jeupe, likiwa limekwisha kusimama, na mama mmoja aliyekuwa akichambua maharage aligeuka, akalikuta nyuma yake, akamwaga ungo mzima. Kipya kinyemi ingawa kidonda: kabla ya saa moja kupita nusu ya kata ilikuwa imelizunguka, na wengine walipiga magoti kutafuta bomba la moshi ambalo halikuwapo.

Nzabonimpa Gad hakupiga magoti. Alikuwa dereva wa ushirika wa wakulima kwa miaka tisa, na dereva wa miaka tisa hatafuti bomba la moshi mbele za watu. Lakini alizunguka gari mara tatu, mikono nyuma, akigonga tairi kwa ncha ya kiatu. Alizaliwa Bukavu, Congo, na wazazi Wanyarwanda, akajifunzia gari huko kwenye barabara ambazo ng'ombe wangezikataa, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima mwenye leseni iliyochakaa. Magari alikuwa ameyaona. Gari lisilokunywa kitu hakuwa ameliona, na ndani ya moyo wake alikuwa na hamu nalo kama mtoto.

Ushirika ulihitaji gari. Pikapu yao ya zamani, ya mazutu, yaani dizeli, ilikuwa ikikohoa kila mlima na mafundi walikuwa wameanza kuizungumzia kwa sauti ya chini, kama mgonjwa asiyetakiwa kusikia. Walikuwa wameweka akiba misimu sita. Hii ya umeme ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya pikapu mbili za mazutu zilizotumika, na hapo ndipo watu walipogawanyika. Muuzaji, dada mmoja wa Kigali aitwaye Uwizeye, alikuwa mwerevu. Hakubishana na mtu. Alisema atawaachia gari juma zima walijaribu wenyewe, kisha waamue.

Basi kamati ilikaa na kuweka swali moja. Siku za soko la Ruhwa, kule mpakani na Burundi, gari la ushirika hushuka mara mbili: linapeleka kabichi na viazi, linarudi na mchele wa Bugarama, linashuka tena. Umeme wa nguvu ulikuwa kwenye mashine ya kusaga tu, na mchana kutwa mashine ilikuwa kazini, kwa hiyo gari lingejazwa usiku peke yake. Je, litaweza safari mbili kwa chaji moja? Likiweza, linafaa bei yake. Likishindwa, ni pambo. Gad ndiye angeliendesha, na Jumapili baada ya ibada angesimama kutoa neno lake, kwa kuwa neno la Gad juu ya magari halikuwa na mpinzani pale Nkungu.

Heshima hiyo aliipata kwa jambo moja. Hakuna dereva wilaya nzima ya Rusizi aliyetumia mazutu kidogo kuliko yeye. Wengine walirudi kutoka Ruhwa na tangi likilia. Gad alirudi na ziada. Ushirika ulimpa mbuzi mara mbili kwa sifa hiyo, na mara ya pili walimpigia makofi.

Siri yenyewe haikuwa kubwa. Madereva waliofunzwa Bukavu wana imani kwamba mteremko ni wa bure. Ukifika kileleni unatoa gia, unaliacha gari lishuke lenyewe, wewe unashika usukani na breki tu. Wao huita point mort. Kutoka Nkungu hadi uwanda wa Bugarama ni mteremko juu ya mteremko, na Gad aliushuka wote hivyo, kona kwa kona, akiwa na tani nzima ya viazi mgongoni.

Tatizo ni kwamba alikuwa ameapa kutofanya hivyo. Rais wa ushirika, Mukagasana Anonciata, ambaye watu wote walimwita Maman Anonciata, alikuwa amefiwa na kaka yake zamani kwenye mteremko wa Ngomo, upande wa Congo, katika lori lililoachiwa bila gia mpaka breki zikachoka. Hakupenda kusimulia zaidi ya hapo. Lakini siku ya kumwajiri Gad alimtaka aape mbele ya kamati, mkono juu, kwamba hatashuka mlima bila gia. Gad aliapa. Kiapo kilidumu majuma mawili, kisha bei ya mazutu ikapanda.

Jumatatu Gad alipokea gari. Uwizeye alimkalisha mbele ya kioo kikubwa chenye namba na rangi, akamweleza kwa nusu saa. Alimwambia aache kitufe cha gia kwenye D, herufi ya kwendea, gari litajua lenyewe. Gad aliitikia ndiyo, ndiyo, kwa adabu ya mtu asiyesikiliza. Hapakuwa na mkono wa gia, palikuwa na kitufe cha duara kama cha redio, lakini herufi N, ile ya kutoa gia, aliitambua mara moja, kama mtu anavyomtambua jirani yake ugenini.

Alishuka kwa raha. Kileleni alizungusha kitufe hadi N, na gari likateleza kimya hata akasikia ndege. Alifika Ruhwa kioo kikionyesha asilimia themanini na sita, akashusha kabichi, akapakia mchele, akapanda. Nkungu alifika na hamsini na moja. Muhigirwa, mjumbe wa kamati ya usimamizi, mtu mwembamba anayefuga nyuki na asiyemwamini hata nyuki, aliandika namba hiyo kwa chaki kwenye ukuta wa mashine ili kila mtu aione. Wakapiga hesabu: safari ya pili ingebakisha asilimia mbili tu, na tope kidogo lingeliacha gari njiani, milimani, na mchele wake.

Jumanne ilikuwa hamsini na mbili. Watu walianza kucheka wakipita pale ukutani.

Jumatano asubuhi Maman Anonciata alitokea na mwavuli na rozari yake, akasema anataka kuona kwa macho yake mwenyewe namna kitu hiki kinavyokula. Ni yeye aliyelitaka gari kuliko wote, na hakuficha. Njia nzima aliuliza maswali. Kama halina moto ndani, kwa nini halipoi? Mvua ikinyesha, umeme hauwapigi waliomo? Betri ikizeeka inazikwa wapi? Gad, ambaye hakujua jibu hata moja, alijibu yote. Walipofika kileleni mama alinyamaza, akafumba macho, akaanza kuhesabu shanga kwa vidole kama alivyofanya kwenye kila mteremko, na Gad, kwa heshima na kwa woga, hakugusa kitufe.

Walifika Ruhwa na tisini na tano. Nkungu, sitini na nne.

Muhigirwa alifuta miwani yake kabla ya kuandika. Gad mwenyewe alirudi kutazama kioo mara mbili. Mzigo ulikuwa uleule, njia ileile, tena siku hiyo walibeba mtu wa ziada, na Maman Anonciata si mtu wa kuitwa mwepesi. Usiku ule Gad hakuweza kula vizuri. Gari gani hili linalopungua njaa likiongezewa abiria?

Alhamisi aliamua kuchunguza. Labda uzito wa mbele unalisaidia kukaa barabarani. Alichukua gunia la viazi akalipakia kwenye kiti cha abiria, akalifunga mkanda, akashuka nalo. Wanawake waliokuwa wakitoka shambani walisalimia gunia. Alishuka kama alivyozoea, kitufe kwenye N, na alifika Ruhwa na themanini na sita. Ukutani iliandikwa tena hamsini na moja, na gunia likarudishwa stoo bila maelezo.

Ijumaa Maman Anonciata alipanda tena, na ikawa sitini na nne tena. Safari hii Gad alikuwa akiangalia kioo kuliko barabara. Kwenye mteremko mrefu, mama akiwa na macho yake yaliyofumbwa, aliona namba ikitoka tisini na nne kwenda tisini na tano. Ilipanda. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona tangi likijaa njiani. Alitazama shanga zikipita katikati ya vidole vya mama, na jambo ambalo hakutaka kulifikiria likamjia lenyewe.

Gad alikuwa mlokole wa Pantekoste, mtu wa matari na kufunga, na kwake rozari ilikuwa mali ya wengine. Lakini mwenye swali hachagui mlango. Jumamosi alfajiri alipita kwa shemeji yake Mkatoliki, akaazima rozari kwa kusema ni ya mgonjwa, akaitundika kwenye kioo cha ndani cha gari. Aliomba msamaha pande zote mbili na kuanza safari.

Kileleni mkono wake ulizungusha kitufe hadi N. Hakuuagiza, mkono wa miaka hiyo yote haungojei amri. Gari liliteleza, rozari ikicheza. Namba haikupanda. Ilikaa, ikakaa, kisha ikashuka moja. Harufu ya breki ilianza kuingia ndani, harufu aliyoijua sana na ambayo, alikumbuka sasa, hakuisikia Jumatano wala Ijumaa.

Katikati ya mteremko, kijana wa baiskeli aliyebeba mikungu mitatu ya ndizi aliyumba mbele yake. Gad alikanyaga breki, akarudisha kitufe kwenye D ili awe tayari kumpita, akaondoa mguu kwenye kila kitu. Gari likajishika lenyewe, kama ng'ombe aliyevutwa mkia, na kioo kikawaka kijani. Namba ikapanda moja.

Alisimama pembeni. Kisha alifanya jambo ambalo mkulima aliyekuwa akipalilia upande wa juu alilisimulia kwa siku nyingi: alishuka hatua mia kwenye N, akasimama, akashuka hatua mia kwenye D, akasimama, N, D, N, D, huku akitazama kioo na kujisemea. Ilikuwa wazi. Likiwa na gia, gari lilikuwa likichuma kwenye mteremko na kujirudishia umeme. Likiwa bila gia, lilikuwa mzigo mtupu unaokimbilia bondeni. Alicheka peke yake kwa furaha, jinsi mtu anavyocheka akipata ufunguo mfukoni mwake baada ya kutafuta nyumba nzima. Halafu kicheko kikamkauka, kwa sababu aliona ni nini hasa alichokigundua. Mazoea yana taabu. Ule ujuzi aliopewa mbuzi kwa ajili yake ndio uliokuwa ukilihukumu gari.

Jioni ile ukutani palikuwa na hamsini na nane, namba isiyo huku wala kule. Gad aliwaza njia nzima ya kupanda, na alipofika alikuwa amepata upenyo. Jumapili angesema tu kwamba gari ni zuri, linataka kuzoewa, na kitufe kisiguswe. Kwa nini, hakuna ambaye angeuliza. Kiapo kingebaki kama kilivyo, kimevunjika gizani.

Jumapili walikaa uani mbele ya mashine, watu wapatao sitini, Wakatoliki na walokole wakiwa bado na nguo za ibada. Kabla Gad hajaitwa, Muhigirwa aliomba neno. Alisimama chini ya zile namba zake za chaki akazisoma polepole. Siku za dereva peke yake, gari lilishindwa. Siku za Rais, gari lilifaulu. Yeye hakumtuhumu mtu, alisema, na watu wote walielewa kwamba anamtuhumu. Aliuliza tu yule dada wa Kigali alimpigia Rais simu mara ngapi juma hili. Aliuliza kama pale parokia ya Bugarama, ambako Rais ana marafiki, hakuna waya wa umeme wa kuchomeka gari kwa nusu saa. Anayenunua kwa fedha za wote, alisema, asiwe na haraka kuliko wote.

Minong'ono ilipita uani. Gad alingoja Maman Anonciata acheke, au akasirike, maana hasira yake ilijulikana. Hakufanya hivyo. Alitazama ukuta, akazitazama namba zilizomsaliti, akazipitia moja moja kama mtu anayetafuta kosa asilione. Kisha alifungua kamba kiunoni, akatoa funguo za stoo alizozishika miaka kumi na miwili, akaziweka mezani bila kelele.

Gad alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Upenyo wake ulikuwa bado upo. Angeweza kukaa kimya, gari likataliwe, mama aondoke, na yeye abaki na sifa zake na pikapu inayokohoa. Alisimama kabla hajamaliza kuliwaza hilo.

"Maman haiko na kosa," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Kosa iko ku mukono yangu."

Watu wakageuka.

"Siku niko peke yangu, nashukaka point mort. Siku Maman iko ndani, naogopa, naacha gia. Njo tofauti yote. Hii motokari ukiishusha na gia, inajirudishia courant yenyewe. Ukitoa gia, inabakia sawa mukokoteni." Aliligeukia gari. "Inafaa bei yake. Safari mbili itafanya, na ingine itabakia. Ila haifae na chauffeur sawa mie."

Mtu mmoja nyuma alianza kusema kitu kuhusu zile zawadi mbili, akanyamazishwa kwa kiwiko. Maman Anonciata alikuwa akimtazama Gad tu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwaka ya kwanza, Maman."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu kitu kirefu. Gad alikuwa tayari kufukuzwa. Alikuwa tayari hata kutukanwa. Siku zote alidhani yule kaka aliyekufa Ngomo alikuwa abiria, mtu aliyeponzwa na dereva mzembe.

"Kaka yangu njo alikuwa naendesha," alisema mama kwa Kiswahili kilekile. Sauti yake haikupanda. "Na ye balikuwa banamusifu sawa weye. Eti hakuna muntu anachunga mazutu kumupita."

Gad alikaa chini. Hakulia, lakini alivua kofia akaishika magotini, na hakuivaa tena mpaka mkutano ulipokwisha.

Muhigirwa, ambaye sasa alitazama chini kwa aibu, aliziokota funguo mezani akamrudishia mama kwa mikono miwili. Lakini mfuga nyuki ni mfuga nyuki. Alisema maneno ni maneno, na fedha ni za wote: gari linarudi Kigali Jumatatu jioni, basi Jumatatu asubuhi dereva ashuke tena, peke yake, bila Rais, bila rozari wala gunia, kitufe kwenye D mwanzo hadi mwisho. Likirudi na zaidi ya sitini, linunuliwe. Wakakubaliana hivyo. Juu ya dereva hawakuamua kitu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza.

Jumatatu Gad aliondoka na tani yake ya kabichi na viazi. Kileleni mkono ulinyanyuka wenyewe kwenda kwenye kitufe. Aliuona ukienda. Aliurudisha, akaukalia chini ya paja kama mtoto mtukutu, akaendesha kwa mkono mmoja mpaka kona ya kwanza, ambapo aliona upumbavu wa jambo hilo akautoa. Ulinyanyuka tena kwenye mteremko wa pili, na wa tatu. Kila mara aliurudisha.

Gari lilishuka polepole, likitoa mlio mwembamba kama wa mbu aliye mbali, na kwa kuwa lilishuka polepole, Gad aliona mambo. Miaka tisa alikuwa ameipita njia hii macho yakiwa kwenye kona inayofuata na mguu ukiwa kwenye breki inayonuka. Hakuwa amejua kwamba kutoka pale juu unaona uwanda wote wa Bugarama, mashamba ya mpunga yaliyokatwakatwa mraba kwa mraba, moshi wa kiwanda cha saruji, na ng'ambo ile milima ya Burundi. Hakuwa amejua vilevile kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiogopa. Alilijua sasa kwa sababu hofu haikuwapo, na mabega yake yalikuwa yamelegea.

Ruhwa alisimama kwenye kivuli cha ghala. Tisini na tano. Simu ilikuwa tayari inaita. Alikuwa Maman Anonciata, ambaye katika miaka tisa hakuwahi kumpigia akiwa njiani.

"Tisini na tano, Maman," alisema kabla hata ya salamu. "Niliacha gia njia yote. Tisini na tano."

Upande wa pili mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma.

"Sikuuliza namba, Papa Gad," mama alisema. "Nauliza kama umefika."

Gad aligeuka akautazama mlima aliotoka, mrefu, wa kijani, na barabara ikiuzunguka.

"Nimefika, Maman," alisema.